Shukrani toka familia ya marehemu mama, Igoma Mwanza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mama yetu tumempumzisha jumamosi kule nyumbani Sengerema na tumerudi Igoma salama, sasa ndo tunapata nguvu ya kuandika maana siku zile simu ilikuwa inaita mpaka chaji inaisha, kama hatukupokea mtusamehe.

Asanteni madaktari na manesi wa Bugando hasa wa upande wa mionzi, mlikuwa mnamuita bibi anacheka japo saratani ya koo la chakula ilikuwa imeshambana, mwisho hata uji wa ulezi ulikuwa haupiti.

Mliokuwepo ule mkesha mtakumbuka, wazee wa kanisa walimpaka mafuta kama ilivyo Yakobo 5:14, alfajiri mama akaomba sato. Nikamchambulia kipande kidogo kama ukucha wa kidole gumba, akatafuna weee, kikapita! Jamani vigelegele vile hadi majirani wakaamka. Ambacho hamkujua ni kwamba saa mbili asubuhi kilirudi, akanipa bakuli mwenyewe akasema usiwaambie kwanza, waache walale wamechoka. Basi sikusema, ndo nasema leo.

Toka siku hiyo akawa anawaambia wanaokuja, niombeeni nimalize vizuri. Wengine hawakupenda, wakaona amekata tamaa. Kuna mtumishi mmoja (hatumtaji) alisema imani yetu ndogo na tuache mionzi, tukamsindikiza mpaka getini kwa heshima zote. Mama kafundisha shule ya jumapili miaka na miaka, imani yake sisi tuliokula ugali wake tunaijua. Akatufungulia 2 Timotheo 4:20, Paulo anasema Trofimo alimwacha Mileto hawezi, yaani mgonjwa, na Paulo huyohuyo ndo leso zake zilikuwa zinaponya watu Efeso. Mama akasema mbona hakuna palipoandikwa Trofimo alikosa imani? Mimi kiukweli bado namuuliza Mungu, sitawadanganya, na wadogo zangu kila mtu ana lake moyoni.

Shukrani za pekee kwa dada wa saluni hapo jirani, alikuwa anakuja anabeba mashuka anaenda kufua anarudisha yamenyooshwa, hajawahi kutuhubiria hata siku moja. Vijana wa bodaboda wa kijiweni, mjumbe wetu, wanakwaya mliokesha na mbu wale, wanajumuiya, na wote mliotuma rambirambi hata buku, zimefika zote. Dereva wa gari la msiba nawe asante, pale daraja la Kigongo-Busisi ulipunguza mwendo bila kuambiwa. Mama alisota sana kusubiri kivuko pale na magunia yake ya michembe, akawa anasema akipona atalivuka kwa miguu kilomita zote 3.

Ibada ya shukrani ni jumapili ijayo hapa nyumbani saa nane mchana, chakula kipo. Halafu kuna masufuria mawili makubwa, jamvi la bluu na vijiko vingi tu vimebaki kwetu, mwenye navyo apite achukue, jamvi lishafuliwa.

Ni sisi watoto, wakwe na wajukuu.