Boksi la Mwalimu

Mbeya, Soweto
Jumapili jioni, 13 Julai

Ndugu yangu Ambokile,

Ugonile! Au siku hizi ukisalimiwa hivyo unashtuka, umeshazoea kuitikia "kamwene" huko Iringa? Sisi huku hatujambo, ni baridi tu inayotunyoosha. Leo asubuhi maji ya ndoo yalikuwa yanauma mpaka kwenye mifupa. Mama watoto anakusalimu. Yule mdogo kaota meno mawili ya mbele, anajiona mtu mzima. Fundi wa Mafiati bado hajamaliza lile kabati, usiniulize.

Najua ilikuwa zamu yako kuandika, na najua kwa nini huandiki: una kitabu changu. Tutafika huko. Kwanza nina jambo, na nimeshindwa kulisema kwenye simu. Jumatano nilipokupigia ulipokea ukiwa sokoni, makelele kila upande, nikaishia kukuuliza bei ya vitunguu kama mjinga. Nilikuwa sina shida na vitunguu.

Mama Mwalimu anahama. Yule binti yake wa pili anamchukua, anakuja kukaa hukohuko kwako, Kihesa. Tangu Mwalimu wetu aondoke duniani nyumba ile imemshinda, bati linavuja na shamba limekuwa pori. Basi wiki iliyopita akanipigia: "Lusajo mwanangu, si wewe mwenye duka la madaftari? Njoo uangalie makaratasi ya mwalimu wako, la sivyo nawapa wauza karanga." Nikaenda mbio.

Kulikuwa na maboksi mawili. Moja limejaa maandalio ya masomo ya miaka ishirini, mwandiko uleule wa kutisha. La pili vitabu, vyote vimevalishwa gazeti. Unakumbuka alivyokuwa: daftari lisilo na jalada haliingii darasani, na mwenye nalo haingii pia. Nilidhani ni ukali wa shuleni tu, kumbe hata vyake vya nyumbani alivivalisha, kona zimekunjwa sawasawa kama bahasha. Nikampa Mama elfu thelathini, akashukuru, akaniandalia chai na viazi vya kuchemsha, akaniombea biashara yangu ikue. Nikapakia boksi la vitabu kwenye bodaboda, nikafika nyumbani, nikaanza kuchambua, na chini kabisa nikakikuta.

Ndiyo, kilekile. Kidato cha tatu, 1989. Alikileta darasani siku moja tu, akapita nacho dawati kwa dawati akiwa amekishika mwenyewe, marufuku kugusa, akatuonyesha picha moja: mtoto wa shule amechuchumaa, jasho linamtiririka usoni, macho yameganda mbele anakofundisha mwalimu. Nyuma kule mtu akacheka, na Mwalimu akamwambia achuchumae vilevile mpaka kengele ilie. Sitamtaja aliyecheka, anajijua, yuko Iringa.

House of Bondage, picha za Ernest Cole. Random House, New York, 1967. Toleo la kwanza.

Sijui kama nilishawahi kukusimulia habari za Cole, yule mpiga picha mweusi wa Afrika Kusini, nikamaliza, maana huwa unasinzia. Ukoo wake ulikuwa Kole. Akaubadilisha kuwa Cole na kufaulu kuandikishwa kama chotara, ili zile sheria za pasi za makaburu, za kumpangia mtu mweusi atembee wapi, zisimbane sana na aweze kutembea na kamera yake. Kule migodini aliiingiza kamera ndani ya mfuko wa chakula cha mchana. Ile picha ya wanaume waliokuja kuomba kazi mgodini, wako uchi, wameelekea ukutani mikono juu wanapimwa afya, imetoka kwenye mfuko wa mkate, Ambokile. Mwaka 1966 akaondoka Afrika Kusini, mwaka uliofuata kitabu kikatoka, kwao kikapigwa marufuku, na hakukanyaga tena nyumbani. Alifia New York Februari 1990, wiki moja hivi baada ya Mandela kutoka gerezani. Maana yake siku ile Mwalimu anazunguka nacho darasani kwetu, mwenyewe alikuwa bado hai huko ughaibuni, na picha zake nyingi haijulikani ziko wapi. Zaidi ya hasi 60,000, zile filamu za kusafishia picha, zilikuja kuonekana 2017 kwenye hifadhi ya benki, Stockholm.

Sasa sikiliza. Nililifungua lile gazeti taratibu, kwa kisu cha kupakia siagi, nikitegemea kukuta jalada tupu. Nikakuta koti. Koti zima! Lile karatasi la nje ambalo watu hulichana mwaka wa kwanza. Limegeuka manjano kidogo pale gazeti lilipoligusa miaka yote hiyo, na ukingo wa juu una mchaniko wa ukubwa wa ukucha, basi. Kwako wewe kitabu ni maneno. Kwa watu wanaosaka vitu hivi, kitabu cha picha cha zamani bila koti ni kama shati lisilo na kola: unavaa, lakini huendi nalo harusini. Usiku ule nikaingia mtandaoni nione wauzaji wa Ulaya na Marekani wanasemaje. Wanataja mamia ya dola. Nilizima simu nikakaa gizani. Mama watoto akauliza kuna nini, nikamwambia umeme.

Umeme ulikuwepo.

Kwa nini nasaka vitabu vya namna hii hata yeye ameshachoka kuniuliza. Juzi alinitolea moja: "Hii nyumba itapataje amani, kabati zima ni vita na mapinduzi?" Na ni kweli. Kile cha mapinduzi ya Nicaragua cha Susan Meiselas, mpiga picha Mmarekani, cha 1981, nilikipata Tukuyu kwa wale wazungu waliokuwa wanafunga nyumba. Koti hakina. Ndimo alimo yule kijana mwenye bunduki mkono mmoja na chupa ya petroli mkono mwingine, anairusha pale Estelí, 16 Julai 1979. Kesho yake dikteta wao, Somoza, akakimbia nchi. Kila nikifungua ukurasa ule najikuta nahesabu: miezi mitatu kabla ya hapo jeshi letu liliingia Kampala, na baba yako mdogo alikuwemo. Picha zetu za vita ile ziko wapi? Nimekuta moja hapa, moja pale, kwenye magazeti. Kitabu cha picha tupu cha Kagera, cha kushika mkononi na kufunua ukurasa baada ya ukurasa, sijawahi kukitia machoni. Ukikisikia popote, hata kama kimeliwa na mchwa nusu, nipigie usiku wa manane.

Masika iliyopita kuvu ilinipiga. Vile vyenye karatasi ya kung'aa vikilowa kurasa zinagandana kama ugali wa jana, ukilazimisha kufunua unabandua nyuso za watu. Sasa hivi naomba vile vipakiti vya kunyonya unyevu kwa wauza viatu vya mtumba pale Mwanjelwa. Wanadhani navitumia kwenye dawa za kienyeji, na mmoja ameanza kuniita mganga. Nimemwacha, maana ananipa bure.

Nazunguka. Nirudi.

Nimeandika hapo juu kana kwamba nilikikuta nyumbani. Si kweli. Nilikiona palepale kwa Mama. Alikuwa ameenda jikoni kuepua viazi. Nikafunua ukurasa wa ndani, nikasoma mwaka, moyo ukapiga, nikakifunga. Halafu nikakitia chini ya boksi, juu yake nikapanga vitabu vya jiografia na kamusi. Mama akarudi na sahani, akauliza, "Vipi, kuna cha maana humo?" Nikamjibu, "Vya kawaida tu, Mama, nitaona cha kufanya." Zile elfu thelathini alizipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo, yeye, kwangu mimi.

Koti kweli sikulijua, gazeti lililifunika. Naapa. Lakini hiyo ni sawa na mwizi wa kuku kuapa kwamba hakujua kama kuku ana mayai.

Na kuna kingine. Ndani ya jalada kuna maandishi ya kalamu ya bluu, ya Kiingereza, mwandiko wa kulala. Mtu anamshukuru "kaka wa Mbeya" kwa godoro na kwa uji. 1974. Chini herufi mbili tu, jina hakuna. Unajua Mwalimu alivyokuwa akitusimulia kuhusu wapigania uhuru waliokuwa wakipita hapa kutoka upande wa Zambia, na alivyopenda kurudia habari ya Mandela kutua Mbeya Januari 1962 na kushangaa kuona weusi na weupe wamekaa pamoja hotelini. Tulidhani anajikweza kwa mambo ya watu. Kumbe alikuwa na mtu wake mwenyewe, kalala kwenye godoro lake, na katika miaka yote hakututajia.

Herufi mbili tu, maana wengi wao walitembea na majina ya bandia. Ni kama yule Josef Koudelka, mpiga picha wa Czechoslovakia, na picha zake za vifaru vya Kisovieti vilivyoingia Prague mwaka 1968. Zilitoka gazetini kwa herufi P.P. tu, yaani "mpiga picha wa Prague" kwa Kiingereza, familia yake isije ikaandamwa, na kitabu chenyewe kilikuja 2008, miaka arobaini baadaye. Huyu wa kwetu hata picha za vifaru hakuwa nazo. Alikuwa na kitabu kilichopigwa marufuku kwao, akakiacha mahali ambapo kinaweza kusomwa mezani mchana kweupe. Alikuwa nani? Alifika alikokuwa anakwenda? Mama lazima anajua, maana huo uji ni nani aliupika? Lakini nitamuulizaje bila kumwambia nimeyasoma wapi?

Nimefikiria yote. Kukirudisha: atakiweka Kihesa juu ya friji, wajukuu watakimaliza kwa wiki moja. Kukiuza na kumpelekea fedha: sitaki kukiuza. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo, nakwambia wazi, sitaki kiende Ulaya kwenye kabati la mtu ambaye hajui godoro lile lilikuwa mtaa gani. Kumlipa thamani yake mimi mwenyewe: nina ada ya watoto wawili, na mwenye fremu kapandisha kodi tangu Januari. Naweza kumpa kidogokidogo, elfu hamsini kwa mwezi, lakini atauliza ni za nini. Nimsingizie nini? Shetani naye ana lake. Ananiambia, mnunulie lile toleo jipya la 2022, picha ni zilezile, tena zimeongezwa, mweleze ndicho cha Mwalimu umekipeleka kwa fundi kikang'arishwa. Nilicheka peke yangu dukani, mteja akaondoka bila kununua kalamu.

Mama watoto sijamwambia. Najua atakachosema, ndiyo maana.

Basi ombi langu ni hili. Mama anasafiri Alhamisi, basi la asubuhi. Naomba umpokee stendi, umsaidie mizigo, na siku mbili tatu zikipita uende Kihesa ukae naye kama mtoto wake, maana na wewe ni mtoto wake. Muulize habari za zamani. Muulize kama kuna mgeni aliwahi kulala kwao 1974, wa kutoka mbali. Usitaje kitabu. Au kitaje? Sijui. Ukiona anakumbuka na uso wake umechangamka, mwambie Lusajo ana kitu cha Mwalimu na anakuja kukieleza mwenyewe. Ukiona hakumbuki, usimwambie, niandikie kwanza. Hapana. Mwambie vyovyote iwavyo. Nikikuachia mlango huo nitapitia.

Sasa nijibu, na usijibu kwa simu. Ungekuwa wewe ungefanyaje, kwa kweli, si kwa kunifurahisha? Elfu hamsini kwa mwezi ni matusi au ni kitu? Mwalimu alikuonyesha wewe picha nyingine zaidi ya ile, siku zile ulizokuwa unambebea madaftari? Aliwahi kukutajia mgeni? Na ile siku uliyochuchumaa mpaka kengele, alikwambia nini ulipobaki naye? Hukuwahi kutuambia.

Na Kenya Burning yangu, kile kitabu ulichonacho, iko wapi? Ile ya picha, ya GoDown, kituo cha sanaa cha Nairobi, ya 2009, yenye maneno "Mgogoro baada ya Uchaguzi 2007/8" kwenye jalada. Ina miaka minne kwako. Uliomba wiki mbili. Mwanao ameichora? Kama ameichora sema tu, nitakasirika siku moja. Usimpe dereva wa basi, na usiifunge na mfuko wa nailoni, inapumua. Njoo nayo mwenyewe, uje uone na hiki, nitakufunulia ukurasa kwa ukurasa.

Nimekirudishia gazeti lake. Nimefuata mikunjo ileile.

Wako,
Lusajo

N.B. Vitunguu kweli bei gani?