Mhariri, pikapu ya kuvutia tela ni ile isiyo na mbwembwe

Mhariri salaam, na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nilisemee hili la pikapu za kazi manake hapa Tanga saa hivi limekuwa jambo kubwa, bomba la mafuta ghafi linaishia Chongoleani, barabara ya Pangani nayo imeleta kazi zake, watu wa saiti wamekuwa wengi na kila aliyepata tenda ndogo anataka anunue pikapu yake mwenyewe aache kukodi. Sio vibaya. Shida ni anachonunua. Mtu anaenda yadi anarudi na dabo kebini fulu opsheni, siti za ngozi, skrini kubwa kama tivii ya sebuleni, rimu pana zinang'aa, alafu wiki inayofuata anaifunga tela la boti au tela la tenki la maji na anataka ipande nalo milima ya Amani. Mi nasema kama gari ni la kazi na la kuvuta, chukua lile la chini kabisa kwenye orodha, lile ambalo muuzaji hata hakupeleki kuliona mpaka ulitaje mwenyewe.

Na wala sio ubahili. Kila gari limetoka kiwandani na kikomo cha uzito wote, yani gari lenyewe, mafuta, watu, mzigo, na ule uzito wa tela unaokandamiza huku ya nyuma, yani ile ndoano ya kuvutia, vyote kwa pamoja. Kikomo hicho hakipandi kwa sababu umelipa hela nyingi zaidi. Sasa siti za umeme zina kilo zake, bampa za mapambo zina kilo, mlango wa pili una kilo, na kila kilo uliyoiongeza kwenye gari unaitoa kwenye mzigo. Kwa hiyo mara nyingi singo kebini ya bei ya chini inabeba zaidi ya ndugu yake wa bei mbaya mwenye injini ileile na chesisi ileile. Ukilitaja hili kijiweni watu wanacheka, lakini kibati cha kiwandani kipo mlangoni au chini ya boneti, kasome.

Wamarekani ambako hizi pikapu za kazi nzito ndo kwao wanalijua hili siku nyingi. Ford F-250 ina daraja la XL, Ram 2500 ina Tradesman, Chevrolet Silverado 2500HD ina WT, zote hizo ni za mwanzo kabisa kwenye orodha, rimu za chuma, chini hakuna zulia ni mpira mtupu unaupiga maji unakauka. F-250 nyingi kikomo chake ni paundi 10,000, karibu kilo 4,536. Kikomo kikiwa hicho hicho, ukichagua injini ya dizeli ya lita 6.7 ambayo ni nzito kuliko ya petroli, ukaongeza na makorokoro yote ya starehe, unapata gari linalovuta tela kubwa sana lakini bodi yake inabeba kidogo kuliko ile XL ya petroli ya kawaida. Mtu wa shamba wa kule anaijua hesabu hiyo, sisi tunaangalia kama kuna kamera ya rivasi.

Na kabla sijasahau, sisemi mtu akaagize F-250 alete Tanga. Usukani uko kushoto, ujaribu kulipita lori kati ya Segera na Chalinze ukiwa umekaa upande usioona mbele uone raha yake, na zile dizeli zao mpya zina mambo ya chujio la moshi na maji ya urea, likizingua hapa Ngamiani utamtafuta fundi mpaka uchoke. Nimezitaja kwa ajili ya akili yao ya kuchagua tu.

Turudi kwenye hesabu manake hapa ndo watu wengi wanapotea. Muuzaji atakwambia hii inavuta tani tatu na nusu. Sawa, Land Cruiser 79 na pikapu nyingi za tani moja siku hizi zimeandikwa kilo 3,500, ila hiyo ni kwa tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki wengi wanaandika kilo 750 tu. Soma tena hapo ndugu msomaji, 750. Alafu tela likikaa vizuri, kama asilimia 10 ya uzito wake inalalia huku ya gari, na hiyo inahesabiwa kama mzigo uliopakia kwenye bodi. Tuseme pikapu yako inabeba tani moja, unavuta tela la tani mbili na nusu, tayari kilo 250 zimeondoka. Weka dereva na vijana wawili, kilo 200. Ile bodi ya vyuma na keria uliyochomelea hapa mtaani nayo haielei hewani, ina uzito. Hujapakia kitu na nusu tani imeshakata. Ukitupia hapo mifuko kumi ya simenti ya kilo 50 umemaliza, na dereva wa kwetu anaona bado kuna nafasi anaongeza mingine kumi.

Na mzigo wa huku kwetu unadanganya. Tenki la lita 2,000 likijaa ni tani mbili za maji kabla hujalihesabu tela lenyewe. Robota la katani ni kilo 250, manne tu tani. Boti ya faiba ukiiona unadhani nyepesi, weka injini, nanga, nyavu zilizolowa na barafu iliyobaki ndani uone. Mi kazi yangu ni kuhamisha boti, Sahare, Deep Sea, saa nyingine Pangani na Moa, kwa hiyo haya siyasomi kwenye simu, nayaona kwenye springi za watu zilivyolala.

Sasa gari gani. Kwa hapa kwetu jibu la wengi ni Land Cruiser mkonga singo kebini, yani hiyo hiyo 79, na mi siwapingi. Ile ya injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 silinda sita isiyo na tabo (turbo, ile inayosukumia injini hewa), ukiisoma kwenye karatasi inachekesha, nguvu yake ya kuvuta ni Nm 285 tu wakati Hilux ya lita 2.8 yenye tabo na gia za manyuo inatoa 420. Kwa namba Hilux inaiacha mbali, na ukweli mkonga ukipanda na mzigo kutoka Mombo kwenda Soni utapitwa mpaka na Kosta za abiria, kubali tu. Lakini pampu yake sio ya kompyuta, fundi wa Barabara ya Ishirini anaijua akiwa amefumba macho, chesisi na ekseli zake zilitengenezwa kwa mateso, na spea zipo kila wilaya. Injini ya kisasa ya tabo ni tamu mno mpaka siku mafuta machafu yaingie kwenye nozeli, hapo ndo utaijua bei ya nozeli moja alafu uizidishe mara nne. Hizi 79 mpya zilizobadilishwa sura nazo zimekuja na ile ya lita 2.8, nzuri, za otomatiki zinatoa Nm 500, ila mi kwa kazi ya ufukweni bado ningechukua ya zamani nikaenda taratibu. Mwingine ataona nimepitwa na wakati, haya.

Asiye na hela ya mkonga Hilux singo ya kawaida au Isuzu D-Max singo zinamtosha kabisa kwa tela la tani moja na nusu lenye breki, bora iwe ile ya rimu za inchi 15 au 16 na tairi nene. Tairi nene inabeba, inavumilia kokoto za Amboni na ikipasuka Mkinga unaipata, ile pana nyembamba ya rimu ya inchi 18 utaisubiri kutoka Dar. Na kama kazi yako yote ni lami na mzigo mzito tu, huingii mchangani wala matopeni, achana na pikapu nunua Canter, mbona rahisi. Kirikuu pia ina kazi zake, sio hii.

Wanaotafuta mkonga wa kutumika kutoka Japan nao wajue Toyota walisimamisha kuuza hizi Land Cruiser za ukoo wa 70, ambamo mkonga yumo, nchini kwao mwaka 2004, wakazirudisha kwa muda mfupi 2014 zikiwa na injini ya petroli ya lita 4.0. Kwa hiyo ile singo ya dizeli unayoitaka kule ni ya kubahatisha, nyingi tunazozinunua hapa zimetoka mnadani, magari ya serikali na mashirika yaliyomaliza miradi. Za mnadani sio mbaya ila ulale chini ya gari na tochi. Angalia chesisi inapopita juu ya ekseli ya nyuma na pale zinaposhikia springi, gonga na nyundo ndogo, pwani hii chumvi inakula kwa ndani na rangi ya juu bado inapendeza. Gari lililokuwa Dodoma likanunuliwe kwa bei zaidi, lililokuwa Tanga mjini lishushwe bei, mi ndo napima hivyo.

Ile hela uliyookoa kwa kuacha fulu opsheni usiende kuiharibu kwenye taa za mapambo, ipeleke kwenye tela. Breki kwanza. Matela yetu mengi yanachomelewa mtaani, ekseli ya gari bovu, bodi, rangi, kazi imeisha, breki hakuna, taa waya umefungwa kwa gundi ya karatasi. Kupanda sio tatizo, gari likishindwa linasimama. Tatizo ni kushuka. Ile njia ya Lushoto kuja Mombo ni kama kilomita 33 za kona, na nimewaona madereva wanashuka na nyutro eti wanaokoa mafuta, nyuma kuna tela la tani mbili linawasukuma, breki za mbele zinatoa moshi. Unashuka na gia ileile ambayo ungepandia, au chini zaidi, injini ndo ikushikie, na hapa mkonga mzee wa manyuo anakuwa mwalimu kweli, gia ya pili anashuka mwenyewe bila kelele. Breki za tela zipo za aina mbili zinazopatikana, ile ya kusukumwa ambayo tela likiligemea gari inajibana yenyewe, na ya umeme ambayo dereva anakuwa na kiboksi cha kurekebisha kwenye dashibodi. Kwa anayeingiza tela la boti baharini mi naona ya kusukumwa, umeme na maji ya chumvi havipatani, na ukitoka majini mwagia maji baridi breki na beringi palepale, usisubiri mpaka kesho.

Kitu kingine kidogo kinachosahaulika ni ile gololi ya kuvutia. Kuna ya milimita 50 na kuna ya Kimarekani ya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kofia ya tela ya inchi 2 ukiivalisha gololi ya 50 inaingia vizuri kabisa, inacheza kidogo tu, na siku ya shimo inachomoka. Namba imechongwa juu ya gololi na juu ya kofia, zisomwe zote mbili, alafu minyororo miwili ipishane chini kama mkasi ili ulimi wa tela ukidondoka uangukie kwenye minyororo usichimbe lami.

Sasa ombi langu kwako Mhariri na kwa wenye yadi wanaotangaza humo gazetini. Tangazo la pikapu linasema AC, redio, sanrufu, siti za ngozi, bei maelewano, simu namba fulani. Hakuna hata moja linalosema gari linabeba kilo ngapi na linavuta kilo ngapi kwa tela lenye breki na lisilo na breki. Namba tatu tu, zinakaa kwenye mstari mmoja. Zikiandikwa pale, mteja wa Korogwe au Handeni atazilinganisha akiwa kwake kabla hajapanda basi kuja mjini, na dalali akimwambia "hii chuma bosi, inavuta chochote", atamjibu mbona imeandikwa 750. Wenye mnada nao wafanye hivyohivyo, kibati wanacho, wakipige picha.

Ni mimi msomaji wenu,
Mvuta Boti,
Sahare, Tanga.