Tusitamani taji, tutenganishe kofia

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu wa mtaa wa Tudor, hapa Mombasa, anayesema Kenya ingetulia lau ingekuwa na mfalme wa kikatiba, kama Uingereza au Japani, badala ya rais wa kupigiwa kura kila miaka mitano. Kinachomsukuma nakielewa. Mwaka wa uchaguzi ukikaribia, mwenye duka jirani yangu hapa Kibokoni hupunguza bidhaa kwenye rafu, na wapangaji wenye asili ya bara huwasafirisha watoto mapema. Nani asiyechoka? Lakini sisi watu wa Mwambao kutamani mfalme! Hapo ndipo niliposhika kalamu.

Nina mkebe wa biskuti alioniachia nyanyangu. Ndani mna pesa ya shaba ya Sultan Barghash wa Zanzibar, upande mmoja maandishi ya Kiarabu, upande wa pili mizani. Mna sumuni yenye kichwa cha Malkia Elizabeth, na peni yenye tundu katikati. Mna shilingi ya Mzee Kenyatta na ya Moi. Nyanyangu hakuwahi kuhama mtaa, wakuu wa nchi ndio waliokuwa wakimhamia. Usiku wa Desemba 11, 1963 alilala akiwa bado mtu wa Sultani, ambaye bendera yake nyekundu ndiyo iliyokuwa ikipepea Ngomeni (Fort Jesus). Kulipokucha mkuu wa nchi yake ni Malkia aliyeko London, akiwakilishwa na Gavana Jenerali Malcolm MacDonald. Desemba 12, 1964 akawa Kenyatta. Watatu kwa mwaka na siku moja, na hakuna hata mmoja ambaye marehemu alimpigia kura ya cheo hicho.

Mwenzangu anasema mfalme ni baba wa wote. Basi baba huyo alitukodisha. Kwa mkataba wa Desemba 1895, ukanda wa maili kumi wa Pwani ulisimamiwa na Waingereza, na Sultani akawa anapokea kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Nyumba ya kina nyanyangu, minazi yao na wao wenyewe wote wamo katika hesabu hiyo. Hakuna aliyewaita barazani kuwauliza. Na wala simlaumu Sultani peke yake, maana alikuwa amebanwa na meli za kivita. Nasema tu kwamba nchi ikiwa mali ya ukoo, siku ya dhiki mali hukodishwa.

Na huo utulivu? Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963, Sultan Jamshid akiwa mfalme wa kikatiba haswa, mwenye bunge na waziri mkuu, Mohamed Shamte. Januari 12, 1964 alikuwa baharini akikimbia mapinduzi. Akakataliwa kushuka hapa Mombasa, akaishia Uingereza, akakaa huko miaka zaidi ya 50. Ufalme wa kikatiba ulikuwa umedumu mwezi mmoja na siku mbili.

Wafalme anaowasifu mwenzangu wanapendwa kwa sababu hawana la kufanya. Mfalme Charles hapandishi ushuru wa unga. Katiba ya Japani ya 1947 imemwondolea Kaizari mamlaka yote ya serikali. Anayeamua ni waziri mkuu, na huyo huondoka bila nchi kutikisika: mwaka 2022 chama cha Liz Truss wa Uingereza kilimchoka, akatangaza kujiuzulu baada ya wiki sita tu, na sikusikia tairi lililochomwa.

Sasa, hilo halihitaji damu ya kifalme. Ireland humchagua rais kwa kura za wananchi, miaka saba, mihula isiyozidi miwili, na serikali huiacha kwa waziri mkuu. Ujerumani rais wake huchaguliwa na wabunge pamoja na wajumbe wa majimbo. Barbados ilimwaga Malkia Novemba 2021, na Sandra Mason, aliyekuwa Gavana Jenerali wake, akawa rais.

Sisi tulianza na kofia mbili, ya mkuu wa nchi na ya mkuu wa serikali. Mwaka 1963 Kenyatta alikuwa waziri mkuu tu, mwaka uliofuata zikashonwa zikawa moja. Tangu hapo anayekata utepe na kupokea heshima za gwaride ndiye anayegawa vyeo, na anayeshindwa katika uchaguzi hushindwa kila kitu. Baada ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 walipouawa, tulipewa waziri mkuu kwa muda. Katiba ya 2010 haikumbakisha. Hapo ndipo ningependa mjadala urudi, mwenzangu aache habari za taji.

Ila katiba hiyo ilitupa jambo ambalo hakuna mfalme anayeweza kulitoa. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Uchaguzi waweza kufutwa. Kuzaliwa kwa mfalme nani atakufuta?

Katiba hiyo hiyo imekataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu, ndiyo maana sarafu za 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. (Noti zikatoka na sanamu ya Mzee Kenyatta mbele ya KICC, jumba la mikutano la Nairobi, watu wakaenda mahakamani. Hatukosi ujanja.) Nimeitia shilingi ya twiga mkebeni. Juzi mjukuu wangu alizimwaga zote mkekani akazipanga mafungu mawili, zenye vichwa vya watu na zisizokuwa navyo. Pesa ya Sultani yenye mizani aliiweka pamoja na twiga.

Mstaafu wa bandari,
Kibokoni, Mombasa