Andikeni mgawanyo kabla ya kutoka studio

Mhariri,

Wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi. Msanii mwingine akiurudia miaka 30 baadaye, mwenye rekodi ya zamani hapati kitu, mtunzi analipwa. Ndiyo maana inauma kuona vijana wakiuza utunzi kwa malipo ya mara moja.

Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia hadi ndani ya filamu ya The Lion King, 1994. Yeye alishafariki mwaka 1962. Warithi wake walifungua kesi wakitumia sheria ya Uingereza ya 1911, iliyorudisha haki kwa familia miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 2006.

Basi andikeni karatasi ya mgawanyo wa haki ya utunzi palepale studio: jina la kila mtunzi kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la kisanii, asilimia, sahihi. Jumla iwe 100. Prodyuza akisajili 60 na mwimbaji 50, malipo huzuiwa mpaka mkubaliane, na mara nyingi hapo urafiki umeshavunjika.

Kisha sajilini utunzi kwenye taasisi ya hakimiliki. Msambazaji wa mtandaoni kwa kawaida hukusanya fedha za rekodi tu. Tanzania na Kenya, haki ya utunzi hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kwa hiyo warithi nao waijue karatasi hiyo ilipo.

Mdau wa muziki,
Dar es Salaam