Mjomba, uliniuliza huku kuna nini

Mjomba, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa jikoni, nikacheka hadi maji ya chai yakanikaukia sufuriani. "Hivi wewe uko Ulaya au uko Usangi? Ng'ombe, kondoo, ukungu, kanisa moja, basi moja. Huko kijijini kuna nini hasa?" Halafu, kama kawaida yako, ukamalizia: "Na samaki wapo?" Najua maandishi marefu wewe na simu yako hampatani, na macho nayo siku hizi yana mambo yake. Ndiyo maana nimeandika barua hii wazi, yeyote kati ya wapwa zako hapo Lang'ata akusomee. Wengine nao wamekuwa wakiniuliza hilo hilo, basi wasikie mara moja.

Samaki wapo. Nitafika huko.

Kwanza njia ya kwenda majini, maana ingekushangaza kuliko maji yenyewe. Inakatiza katikati ya ngano ya mtu, na mwenye ngano hana ruhusa ya kunifukuza. Ni haki ya wapita njia, imechorwa kwenye ramani, na kibao chenye mshale wa njano ndicho kinachokuongoza. Wewe funga geti nyuma yako tu, na kama una mbwa, mshike kamba mbele ya kondoo. Miezi ya mwanzo, nikimwona mkulima anakuja na trekta, nilikuwa najiandaa kujieleza kama mtu aliyekutwa na mahindi ya wenyewe. Kumbe ananipungia mkono.

Nusu saa hivi, naona maji. Bwawa linaitwa Rutland Water, na Rutland ndiyo kaunti yetu, sema mkoa, mdogo kuliko yote ya kihistoria hapa England. Kwa upana wa maji hakuna bwawa linalolizidi England nzima: zaidi ya kilomita za mraba 10. Usicheke. Najua bwawa letu la Nyumba ya Mungu likijaa linalimeza hili mara kadhaa na bado halijashiba. Hapa watu wanakuja na mahema, mashua za matanga, mbwa watatu watatu, wanakaa ukingoni wanaliangalia kama sisi tulivyokuwa tunaiangalia bahari siku ile ulipotupeleka Tanga.

Na ni la kutengenezwa kwa kuziba mto kama letu. Mto wenyewe, Gwash, ni kijito tu. Katikati ya miaka ya 1970 wakauziba pale Empingham kwa ukuta wa udongo wa mfinyanzi, wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na kimo cha mita kama 35, wakaotesha majani juu yake. Mgeni anaweza kuupita akidhani ni kilima. Kwa vile kijito kisingejaza kitu, maji mengi yanavutwa kwa pampu kutoka mito miwili mikubwa zaidi, Welland na Nene. Si bwawa la kuzalisha umeme. Maji haya ni ya bomba, yanakwenda miji kama Peterborough, Northampton na Milton Keynes.

Hata jina lake lina kisa. Mwanzoni lilikuwa liitwe kwa kijiji cha Empingham. Lakini mwaka 1974 serikali ikaifuta kaunti ya Rutland, ikaunganishwa na jirani yake mkubwa, na watu wakaona angalau jina lao libaki kwenye maji. Kaunti ilirudishwa mwaka 1997. Miaka yote hiyo katikati, bwawa ndilo lililokuwa limewashikia jina.

Sasa samaki, Mjomba. Kaa vizuri kwenye kiti.

Samaki wa hapa ni trauti, na wanalelewa mahali pengine, kisha wanaletwa na kumwagwa bwawani ili watu waje wavue. Ndiyo, umesikia sawasawa. Kabla hujagusa maji unatakiwa uwe na leseni ya serikali ya kuvulia kwa fimbo, ambayo hata mtoto wa miaka 13 lazima awe nayo, halafu unalipa tena kibali cha bwawa lenyewe. Nyavu usitaje. Kokoro ukilitaja nadhani wataita polisi. Chambo chao ni ndoano iliyofungwa manyoya na uzi ili ifanane na mdudu, na kuna wazee wanakesha majira ya baridi wakizifunga hizo ndoano chini ya taa, kwa miwani miwili. Nimekaa karibu na mmoja saa tatu nzima mwezi wa tano. Alirusha ule mshipi kama mara mia mbili, hakupata kitu, akafungasha, akaniambia leo ilikuwa siku nzuri sana.

Hilo bado ni afadhali. Kwenye maziwa madogo kuna wanaovua samaki mnene anayeitwa carp. Wanapiga hema, wanalala hapo hapo siku mbili, kengele ya umeme inawaamsha samaki akivuta. Wakimtoa majini wanamlaza kwenye kigodoro kilicholoweshwa, wanampima uzito, wanampiga picha, wengine wanampaka dawa pale ndoano ilipomchoma. Halafu wanamrudisha majini! Samaki wa kushiba nyumba nzima. Nilisimama pale nikakukumbuka wewe, ule mwaka serikali ilipofunga uvuvi bwawani, ulivyokuwa unazunguka ua na mikono mgongoni huna la kufanya. Nikatamani ungekuwa karibu uone watu wanaovua ili wasile.

Anayevua kwa njaa hapa ni mmoja tu, na ana mabawa. Ni furukombe, anayejitupa majini miguu mbele na kuinuka na samaki kichwa kikiwa kimeelekea aendako. England walikuwa wamewamaliza kabisa karne ya 19, kwa bunduki na kwa kuiba mayai. Kuanzia 1996 wakaletwa makinda 64 kutoka Scotland, na mwaka 2001 jozi ya kwanza ikazaa hapa. Kila mwezi wa tatu wanaanza kurudi kutoka Senegal na Gambia, kilomita karibu 5,000, na watu wanamsubiri wa kwanza kama tunavyosubiri mtu airport. Mwezi wa tisa wanaondoka. Mimi viza yangu nimeijaza kurasa nyingi kuliko Biblia. Hawa wanapita juu tu.

Kuna mabwawa mengine ambayo huwa nakwenda siku za mapumziko. Eyebrook, upande wa pili wa Uppingham, lilijengwa kwa ajili ya kiwanda cha chuma cha Corby. Mwezi wa tano 1943 marubani wa kikosi namba 617 cha Uingereza walilitumia kufanyia mazoezi usiku, wakiruka chini sana, kabla ya kwenda kulipua mabwawa ya Ujerumani. Leo pametulia, bata tu. Upande wa Peterborough kuna Ferry Meadows, maziwa yaliyobaki baada ya kuchimba kokoto, yakageuzwa bustani kubwa ya umma yenye treni ndogo na vibanda vya kuangalia ndege. Napapenda kwa sababu watu wa kila rangi wanachoma nyama pale na hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Katika mojawapo ya bustani za aina hii, sitaitaja, kamera ilisoma namba ya gari langu nikiwa nimechelewa dakika kumi na mbili kutoka kwenye maegesho. Faini waliyonipa ingekununulia nyavu, kwa hiyo yaishie hapo.

Kuogelea? Wakati wa kiangazi wanatenga ufukwe mdogo pale Sykes Lane. Niliingia mara moja, mwezi wa saba, jua linawaka. Maji yalinishika kifua, pumzi ikakatika, nikatoka kama paka. Kwanza kuna vibao vinavyoonya juu ya mwani wenye sumu; mwaka 1989 uliua mbwa na kondoo waliokunywa ukingoni.

Lakini kilichonifanya nikuandikie si hayo.

Ukizunguka bwawa utaona kanisa limesimama ndani ya maji. Ni la Normanton. Lilikuwa lizame, watu wakalikatalia, basi wakajaza mawe na kifusi nusu yake ya chini, wakamwaga sakafu ya zege karibu na madirisha, wakalijengea njia ya mawe. Kwa hiyo unaloliona ni nusu ya kanisa. Mwaka 2021, walipopunguza maji kwenye kidimbwi kimoja cha hifadhi, mtumishi wao akaona kitu kinatokeza kwenye tope: uti wa mgongo wa mnyama wa baharini wa miaka milioni 180 iliyopita, mnyama mzima ana urefu wa mita kama 10. Na katikati ya bwawa kuna kilima chenye kijiji, Hambleton ya Juu. Jiulize kwa nini iitwe ya Juu. Kulikuwa na ya Kati, na kulikuwa na ya Chini.

Kuna mzee mmoja ninayemhudumia. Jina lake silitaji, kazi yetu hairuhusu. Alikulia huko chini. Siku moja nampa chai, akanichorea kijiji chake kwenye sinia. Kijiko kikawa barabara. Kikombe kikawa kilima. Biskuti akaiweka kando ya kijiko: hapa kwa baba, na hapa, akagusa kwa kidole, mti wa matufaha. Alijua kila nyumba ilitazama wapi. Kisha akaniuliza, maana nilikuwa nimemsimulia habari zako na mtumbwi wako: "Na bwawa lenu, kabla ya maji palikuwa pa nani?"

Mjomba, nilinyamaza. Nimekulia ukingoni mwa Nyumba ya Mungu. Nimeogelea pale, nimeparua magamba ya perege hadi kucha zikanuka wiki nzima. Najua upepo wa jioni unaanzia upande gani. Lakini nani alikuwa analisha ng'ombe pale kabla ya ukuta, kulikuwa na njia gani, miti gani, makaburi ya nani, sijui hata moja. Sikuwahi kuuliza, na nyumbani hakuna aliyewahi kulitaja. Nilimjibu kwamba nitamuulizia mjomba wangu.

Kwa hiyo naomba, kabla hujaniuliza tena habari ya kijiji hiki, nenda kwa wale wazee wa karibu na mwalo, wale waliokuwepo kabla babu hajaja na nyavu zake. Waulize, kisha nitumie kwa sauti. Ila usirekodi ukiwa kwenye bodaboda kama ile ya juzi, nilisikia upepo mtupu. Mzee ametimiza miaka 91 na kila Jumanne ananiuliza kama umejibu.

Mpwa wako.