Mbegu bora za ngano na mashamba ya Njoro

Mhariri,

Kila mbegu za ngano zenye mavuno mengi zinapotajwa, mjadala huishia kwenye hofu ya uhandisi jeni, ilhali sehemu kubwa ya mafanikio ilitokana na kuchavusha na kuchagua kwa subira. Norman Borlaug, aliyetunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 1970, alitumia huko Meksiko jeni za ufupi kutoka ngano ya Kijapani, Norin 10. Bua likawa fupi, mmea ukastahimili mbolea bila kuanguka, na chakula kingi zaidi kikaenda kwenye punje.

Leo tuna ramani ya kina ya jenomu ya ngano, yaani jumla ya maelezo yake yote ya urithi, iliyochapishwa mwaka 2018. Haikuwa kazi ndogo, maana jenomu hiyo ni kubwa takriban mara tano ya ile ya binadamu. Kwa msaada wa ramani hiyo, na kwa kupima kipande cha jani la mche, mtafiti hujua kama umerithi jeni anayoitafuta, bila kungoja mavuno.

Hata hivyo, aina ya Ug99 ya kutu ya shina (ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngano), iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ilishinda kinga ya jeni Sr31 iliyokuwa ikitegemewa katika nchi nyingi. Ndiyo maana naomba mashamba ya majaribio ya Njoro, hapa Kenya, ambako ngano za mataifa mengi hupimwa dhidi ya kutu hiyo, yatengewe fedha za kudumu katika bajeti yetu badala ya kusubiri wafadhili.

Mkulima wa ngano,
Narok