Rehema, kabla ya kuisoma hiyo p

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na majedwali uliyoambatanisha nimeyapitia yote. Umelinganisha wasiwasi wa makundi mawili, na umeuliza kama p (namba ambayo programu ya takwimu hutoa kupima nafasi ya bahati katika matokeo) ya 0.04 ina maana kwamba nadharia tete yako ina uwezekano wa asilimia 96 wa kuwa kweli. Hapana, haina maana hiyo. Nitakueleza sababu, ila vumilia kwanza tuanzie kwenye data, kwa sababu p hiyo imetoka kwenye data zenye kasoro na itabidi uikokotoe upya.

Tazama swali la saba la hojaji yako ya wasiwasi. Majibu yanaanzia 1 na kuishia 5, lakini wastani wake umeandikwa 7.9. Hilo haliwezekani. Kati ya watu wako 40, wawili hawakulijibu swali hilo wakaandikiwa 99, na programu ikaichukua 99 kama jibu halali. Jumla ya waliojibu ni 118. Ongeza 198, gawanya kwa 40, unapata 7.9. Iambie programu kwamba 99 ni alama ya kukosekana kwa jibu, na wastani utarudi kuwa 118 kwa 38, yaani 3.1. Kila unapopokea data, anza kwa kutazama thamani ndogo na kubwa kabisa ya kila safu. Ni kazi ya dakika chache, na makosa ya aina hii hujitokeza hapo hapo.

La pili ni vipengele vilivyoandikwa kinyume. "Huwa natulia haraka" hakipimi wasiwasi kwa mwelekeo mmoja na "Moyo hunienda mbio". Kwenye mizani ya 1 hadi 5, alama mpya ni 6 kutoa ya zamani: 5 inakuwa 1, 4 inakuwa 2, na 3 inabaki ilivyo. Usipogeuza, vipengele vinavutana ndani ya jumla, watu wenye wasiwasi mwingi na mdogo wanaonekana kufanana, na alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi vipengele vya hojaji vinavyokubaliana, inaporomoka, pengine hata chini ya sifuri. Ukiona alfa hasi, shuku kwanza vipengele hivi kabla hujailaumu hojaji.

Sasa wastani na mtawanyiko. Chukua alama za watu sita: 4, 6, 7, 7, 9, 15. Jumla ni 48, wastani 8, namba ya kati 7. Toa wastani kwenye kila alama: -4, -2, -1, -1, 1, 7. Ukizijumlisha hivyo hivyo utapata sifuri siku zote, ndiyo maana tunazipeleka kwenye kipeo cha pili kwanza: 16, 4, 1, 1, 1, 49, jumla 72. Gawanya kwa 5, si 6, kwa kuwa wastani umetokana na sampuli ile ile na michepuko huonekana midogo kuliko ilivyo kwenye kundi zima. Unapata 14.4, kipeuo chake cha pili ni 3.79, na huo ndio mchepuko sanifu. Angalia mtu mmoja tu, mwenye 15, amechangia 49 kati ya 72. Angeandikwa 45 kimakosa, wastani ungeruka hadi 13, juu ya watu watano kati ya sita, huku namba ya kati ikibaki 7. Kwa hiyo chora histogramu kabla ya kuchagua kipimo. Na mtu wa namna hiyo usimfute eti kwa kuwa anakuharibia matokeo: hakikisha alama yake iliingizwa sawasawa, kisha toa matokeo ukiwa naye na bila yeye.

Turudi kwenye p. Hesabu yake huanza kwa kudhani kwamba tofauti kati ya makundi haipo. Kisha inauliza: kama haipo kweli, ni mara ngapi sampuli za ukubwa huu zingetoa tofauti kubwa kama hii au kuzidi, kwa bahati tu? 0.04 ni mara 4 kwa 100. Basi. Kwa kuwa imekwisha kudhani kwamba tofauti haipo, haiwezi papo hapo kukupa uwezekano wa kwamba ipo. Pia ukipima vitu 20 visivyohusiana ambavyo havina tofauti yoyote, uwezekano wa angalau kimoja kutoa p iliyo chini ya 0.05, mstari ambao kwa desturi hutumiwa kusema matokeo yana uzito, ni asilimia 64 hivi. Katika jedwali lako nimehesabu vipimo tisa. Vyote vitajwe kwenye ripoti, pamoja na vile ambavyo havikutoa kitu.

Kinachonitia shaka zaidi ni makundi ya watu 20. Tofauti ikiwa ya kadiri, yaani d (kipimo cha ukubwa wa tofauti, nitakieleza hapa chini) ya 0.5, makundi hayo yataigundua mara moja hivi kati ya tatu. Ili uigundue mara 80 kwa 100 unahitaji watu 64 kila kundi. Tena, kwa watu 20 tofauti haivuki mstari wa 0.05 mpaka d ifike kama 0.64. Maana yake, hata pale tofauti halisi ni 0.5, ukifanikiwa kuvuka utakuwa umeikuza. Mwaka 2015 tafiti 100 za saikolojia ziliporudiwa, 97 zilikuwa na matokeo chini ya mstari huo mwanzoni, lakini ni asilimia 36 tu ya marudio yaliyofika hapo. Sampuli ndogo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa.

Kwa hiyo usiandike p peke yake. Andika wastani na mchepuko sanifu wa kila kundi, idadi ya waliojibu, na d, ambayo ni tofauti ya wastani mbili kugawanya kwa mchepuko sanifu wa makundi yakiunganishwa. Vile viwango vya d vya 0.2 (ndogo), 0.5 (ya kadiri) na 0.8 (kubwa) vya mwanatakwimu Cohen ni mwongozo wa jumla tu. Mwenyewe alitahadharisha visitumiwe kama sheria.

Ukishasafisha zile 99 na kugeuza vipengele vya kinyume, nitumie alfa mpya na histogramu za makundi yote mawili. Jaribio la t, lile linalolinganisha wastani wa makundi mawili na kukupa p, subiri kwanza, tulifanye baada ya hapo.

Wako,
Juma